Mmea wa hewa: usikimbilie wenye ua, na ua likiisha usiutupe

Mmea wangu wa kwanza wa hewa niliununua ukiwa umechanua. Elfu 35, kando ya barabara, muuza maua alikuwa na boksi la mimea midogo midogo imekaa kama mashungi ya nanasi ila ukubwa wa kiganja cha mtoto, yote kijani kijivu isipokuwa mmoja. Huo mmoja majani ya katikati yalikuwa mekundu kama kapaka lipstiki na juu yake imetoka mirija mitatu ya zambarau yenye vichwa vya njano. Nikasema huo huo, mingine nikaipita kama sijaiona. Siku ya tano mirija imesinyaa. Wiki ya pili wekundu unafifia. Mwezi haujaisha ncha za majani ya nje zinakauka, nikajua basi nimeua, mi na mimea hatuna nyota, nikautupa nyuma ya tenki la maji nikaendelea na mambo yangu.

Miezi minne baadaye nafuata ndoo huko nyuma naukuta umekwama kati ya tenki na ukuta, pale panapodondoka matone. Mama mtu amesinyaa nusu, lakini ubavuni kabeba watoto wawili wa kijani kibichi, kila mmoja kama kidole gumba. Nikapiga picha nikamtumia mama yangu yuko Bukoba. Hata shikamoo hakuisubiri, kapiga simu anacheka, "We mwanangu umekulia kwenye migomba halafu hujui kitu kinachozaa mara moja?"

Na kweli, kama unaujua mgomba huu mmea umeshaujua nusu. Mgomba unachanua mara moja, unatoa mkungu, kazi imeisha, unakatwa, na pembeni mtoto ameshasimama na mjukuu anachungulia. Bwana shamba akija anakwambia kwenye shina moja acha mama, mtoto na mjukuu, wengine ng'oa. Mnanasi hivohivo, na mnanasi ni ndugu wa damu kabisa wa hii mimea, wako familia moja ya bromelia. Kwa hiyo ukiona ua kwenye mmea wa hewa maana yake umefika utu uzima wake, kuanzia hapo wenyewe unashuka taratibu na watoto wanapanda. Mi nilinunua mzee nikidhani ni kijana kwa vile nilimkuta kavaa vizuri.

Ndo maana nasema kabla hujauliza bei angalia umri. Ntaeleza unaangaliaje, ila kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani.

Ni kitu gani hiki

Jina la kitaalamu ni Tillandsia, mi ntaandika tilandisia, wauzaji wengi wanasema tu ea planti. Ziko aina zaidi ya 600 na kwao zote ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani, Meksiko, Guatemala, kushuka mpaka Ajentina na Chile. Porini kwetu huku hamna hata moja. Katika familia nzima ya bromelia ni mmoja tu ambao kwao ni Afrika, unaota kwenye mawe huko Guinea, nao sio tilandisia. Kwa hiyo mtu akikwambia kaitoa msitu wa Usambara ujue kakuletea kitu kingine.

Jina alilitoa Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, kwa heshima ya Elias Tillandz, daktari na mtaalamu wa mimea wa karne ya 17 aliyekuwa Turku kule Ufini. Inasimuliwa huyo bwana alikuwa anaumwa bahari vibaya mno mpaka akaona bora azunguke nchi kavu kuliko kupanda meli, Linnaeus akaona na huu mmea nao unayakimbia maji. Hapo mzee alichemka kidogo. Maji unayataka sana, ila hautaki kukaa ndani yake.

Mizizi yake ni ya kushikia tu. Unakaa juu ya tawi kama vile okidi zetu zinavyokaa kwenye miti, haumnyonyi mwenyeji wake, umepanga tu. Maji na chakula unachukua kwa majani, kupitia vinyweleo vidogo sana ambavyo kwa macho unaviona kama unga mweupe au kijivu. Weka tone la maji kwenye jani la kijivu uangalie kwa karibu, utaona linatandazika na pale pale jani linageuka kijani, vinyweleo vimelala na maji yameingia. Kuna aina zinaishi kwenye jangwa la pwani ya Peru juu ya mchanga mtupu, hazijashika chochote, zinakunywa ukungu wa baharini. Na kuna ndogo moja, recurvata, inaota mpaka kwenye nyaya za umeme huko Meksiko.

Hicho kiunga cheupe ndo kipimo chako cha kwanza dukani. Mmea mweupe wenye manyoya manyoya umezoea jua na ukavu, utavumilia ukiusahau lakini utaoza ukiuzidishia maji. Wa kijani unaong'aa umezoea kivuli na unyevu, utakauka haraka kwenye chumba cha AC. Ukishika hilo hata majina usipoyajua hutapotea.

Kuchagua: shika, bonyeza, pindua

Usichague kwa macho tu. Omba kuushika, na muuzaji anayekataa usiushike mwache na mmea wake.

Kwanza uzito. Mmea mzima unaokunywa vizuri una uzito kidogo kuliko unavyoutarajia, mkavu unakuwa mwepesi kama ganda la karanga. Ulio mwepesi sio lazima umekufa, mingi inatoka mbali, mashamba makubwa ya kuzalisha yako Guatemala na inakaa kwenye maboksi siku kadhaa, ukiuloweka unarudi. Lakini bei iwe ya mgonjwa bwana.

Halafu bonyeza kiunoni, pale majani yanapokutana. Pawe pagumu kama kitunguu kizuri. Pakiwa laini, pakiwa peusi, au ukinusa kuna harufu ya uvundo, weka chini taratibu. Kisha vuta kidogo jani la katikati kabisa, kidogo tu, kama unamvuta mtoto sikio kwa utani. Likibaki mkononi ujue moyo umeoza na hapo hakuna dawa. Huo mtihani ndo nauamini kuliko yote kwa sababu kuoza kunaanza ndani huku nje mmea bado unapendeza, nimewahi kununua mmoja mzuri ajabu, nimefika nao nyumbani nautoa kwenye mfuko ukafunguka wote majani huku na huku kama kabichi.

Mizizi mikavu isikutishe, hata ikiwa imekatwa yote haina shida. Ncha za majani kukauka kidogo ni kawaida, unazipunguza kwa mkasi. Kinachotakiwa kukutisha ni rangi isiyoeleweka, bluu ya rangi ya nyumba, pinki ya kung'aa jani zima kuanzia chini mpaka juu. Hiyo imepulizwa rangi, na mmea unaokunywa kwa majani ukishapakwa rangi ni sawa na kuzibwa mdomo. Vilevile ile iliyogandishwa na gundi kwenye kombe la bahari mpaka huioni shingo yake, humo ndani maji yanatuama na huwezi hata kukagua. Na waya wa shaba kataa kabisa. Shaba ni sumu kwa bromelia zote, kwa hiyo usiifunge na waya wa kopa na usipulizie dawa za ukungu zenye mrututu, hata kama kwenye kahawa ya babu zilifanya kazi.

Sasa umri. Angalia katikati kwa juu, kama unachungulia kisimani. Kijana majani ya kati yamejikunja pamoja yanachomoza kama mkuki, bado yanazaliwa. Unaokaribia kuchanua katikati pamejaa, majani ya ndani yamefupika na kukusanyika na kwa chini unaona kitu kinene kama kichomozo ambacho sio jani. Uliokwisha kuchanua katikati pana kikonyo kikavu, au kovu pale kilipokatwa, kwa hiyo hapo hautaona jani jipya tena milele, mkuki hamna. Wauzaji wengine wanakikata kikonyo mapema ili usijue, ndo maana nasema chungulia.

Mi ningekushauri hivi. Pesa ikiwa ni ya mmoja, nunua kijana mkubwa mkubwa au wenye kichomozo ambacho hakijafunguka, utaona sherehe yote kuanzia mwanzo. Pesa ikiruhusu, nunua kishada, yaani mama na watoto wake bado wameshikana, hicho hata mmoja akifa nyumba haibaki tupu. Uliochanua kabisa nunua kama ni zawadi ya wiki hii, au kama umeona tayari una mtoto ubavuni na muuzaji hajui thamani yake. Ule ambao ua limeshakauka usiudharau hata kidogo, mara nyingi unauzwa bei ya kutupa na ndo mama mjamzito mwenyewe, mi siku hizi nawinda hiyo hiyo.

Rangi nyekundu peke yake isikudanganye kwamba unakaribia kuchanua. Jua kali nalo linafanya majani yawe mekundu. Mtu akikwambia "huu dada wiki ijayo unachanua" muombe akuonyeshe kichomozo.

Ipi kwa nyumba ipi

Kwa anayeanza, ionantha. Ndo ule wangu wa tenki. Ni mdogo, mgumu kufa, unazaa vizuri, na ukichanua unajipaka wekundu wote. Wa pili stricta, majani laini, unachanua kirahisi, ua lake lina mabawa ya pinki na vipetali vya bluu, ila vile vya bluu ni vya kupita tu, asubuhi vipo kesho vimekunjamana, pinki ndo inabaki wiki kadhaa.

Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa, kwenye joto lenye unyevu, bulbosa na caput-medusae watakupenda. Bulbosa ana tumbo la mviringo kama kitunguu na mikono inayojinyonganyonga, na kule kwao tumbo hilo lina uwazi ndani ambamo sisimizi wanajenga nyumba. Wangu kibarazani sisimizi wameshahamia bila kukaribishwa, nimewaacha. Shida ya hayo matumbo ni kwamba maji yakiingia hayatoki, kwa hiyo usimzamishe, mchovye kichwa chini au mpulizie tu.

Tectorum, ile nyeupe kama paka wa manyoya, mzuri mno kwenye picha, kwao ni milima mikavu ya Ekuador na Peru. Mtu wa Iringa, Mbeya au Arusha ajaribu. Mi nimejaribu Dar kwenye masika, aprili haikuisha.

Mfalme wao ni xerographica, mkubwa wa rangi ya fedha, majani yamejiviringisha kama vishungi vya nywele, anatoka Meksiko, Guatemala na El Salvador. Alichumwa sana porini mpaka akaingizwa kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda viumbe vya porini visimalizwe na biashara, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji karatasi. Na kwa ujumla mmea wowote ukiagiza kutoka nje unahitaji cheti cha afya ya mmea na kibali cha mamlaka ya mimea, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, usimtume shangazi wa Marekani afiche kwenye begi la nguo. Nunua kwa mtu anayezalisha hapa hapa, wapo.

Halafu kuna ile ndefu ya kuning'inia kama ndevu, usneoides. Wengi wanaiita ndevu za mzee na wanadhani ni ile ile inayoning'inia kwenye miti ya msitu wa Kilimanjaro. Sio. Ile ya mlimani ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, inaitwa Usnea, na hili jina usneoides maana yake ndo hiyo hiyo, "inayofanana na Usnea". Ya Amerika ni mmea kamili wenye ua, na kule Louisiana zamani waliikausha wakajazia magodoro kama sisi tulivyojazia sufi.

Maji kwa kifupi

Sitakaa sana hapa. Mara moja kwa wiki loweka nusu saa kwenye beseni, toa, kung'uta, weka kichwa chini kwenye kitambaa mpaka ukauke, halafu rudisha mahali pake. Bara kwenye ukavu au chumba cha AC ongeza ya pili katikati ya wiki, pwani msimu wa mvua punguza hata wiki mbili pita tu. Ukauke ndani ya masaa manne hivi, ndo kanuni yenyewe, upepo upite. Chombo cha kioo chenye mfuniko ni jeneza.

Fanya asubuhi, na kuna sababu. Hii mimea mchana inafunga vitundu vyake vya kupumulia isipoteze maji, inavuta hewa usiku, ujanja huo huo wa nanasi. Ukiulowesha saa mbili usiku umeuziba pua saa zake za kupumua.

Maji bora ni ya mvua. Ya bomba sawa, ya kisima cha chumvi hapana, kile cheupe kinachobaki kwenye sufuria ndo hicho hicho kinaziba vinyweleo. Mwanga mwingi wa dirishani lakini sio jua la mchana la moja kwa moja. Mbolea ya majani, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, na usipoweka kabisa haufi, unachelewa tu.

Ua linavyokuja na linavyoondoka

Hapa ndo watu wengi wanapopotea kwa hiyo soma taratibu.

Kutoka mbegu mpaka ua ni miaka. Aina ndogo miaka kadhaa, aina kubwa kama xerographica hata 10 na kuzidi. Ndo maana karibu kila mtu anaanza na mtoto aliyetoka kwa mama, huyo akipata mwanga wa kutosha anachanua baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, kutegemea aina na matunzo. Mwanga ndo unaofanya tofauti. Nina mapacha, watoto wa mama mmoja, mmoja uko barazani upande wa mashariki mwingine sebuleni kwenye shelfu kwa sababu unapendeza na vitabu. Wa barazani umeshachanua na kuzaa. Wa shelfu bado ni msichana.

Ionantha ukikaribia utaona wekundu unaanzia moyoni unapanda nje, kama chai inavyoingia kwenye maji ya moto. Siku chache baadaye unachomoza mrija wa zambarau, mwembamba, na kwa ncha vinatoka vijiti vya njano vya chavua na katikati yake kimoja cheupe. Mrija mmoja unadumu siku moja mbili, unafuata mwingine, onyesho lote linaweza kuisha ndani ya wiki. Xerographica ni kinyume, kikonyo kinapanda taratibu kwa miezi unadhani ni jani lililonenepa, halafu kinatoa matawi, na kile kishada chake cha maua kinakaa miezi na miezi kikiwa na rangi. Kuna na cyanea, wataalamu siku hizi wamemhamishia ukoo wa Wallisia lakini madukani bado jina la zamani, yeye anapandwa kwenye chungu, ana kitu bapa cha pinki kama kafi la mtumbwi ambacho kinakaa miezi, na pembeni yake kinachungulia kiua cha zambarau kimoja kimoja, hicho kimoja ndo ua lenyewe, kafi ni majani yaliyobadilika rangi. Kwa hiyo ukiuliza "ua linakaa muda gani" jibu linategemea unahesabu ua au nguo za ua.

Ndevu usneoides ua lake ni la kijani, dogo mno, hutaliona. Utalinusa usiku.

Kipindi cha ua usizamishe mmea wote. Chovya kuanzia kiunoni kwenda chini, au mimina maji kwa chini, ua likilowa linaoza mapema na uozo unashuka moyoni. Usiubebe bebe huku na huku kuonyesha wageni. Kwao mirija ile ni ya ndege wavumaji wenye mdomo mrefu, huku hawapo, ila wangu wa barazani nimeshaona chozi amekuja anautazama kama mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyoijua.

Ua likikauka acha kwanza. Kama chavua imeingia kutatokea kifuko kama ganda la maharage madogo, kinakomaa kwa miezi, kikipasuka kinatoa mbegu zenye manyoya zinazopeperuka, sufi tupu. Kuzipanda ni subira ya mtu mwingine mi sina. Kama hutaki mbegu, kikonyo kikishakauka kikate karibu na majani kwa mkasi safi.

Kisha unakuja ule muda ambao mi niliutupa. Mama anasimama. Hatoi jani jipya, rangi inafifia, majani ya nje yanakauka moja moja. Watu wanaongeza maji kwa huruma, ndo wanaua kweli. Tofautisha hivi: uzee unaanzia nje, unakuja polepole kwa miezi, majani yanakuwa makavu ya kukatika kama karatasi. Ugonjwa unaanzia ndani au chini, unakuja kwa siku, peusi, mororo, unanuka. Uzee muache. Endelea na maji yale yale kwa sababu kinachonyweshwa hapo sio mama tena, ni mimba.

Kuna ujanja wa kulazimisha ua. Tunda linaloiva linatoa hewa ya ethilini, ndo hiyo inayofanya kazi ukivundika ndizi, na ndo kazi hiyo hiyo wakulima wa nanasi wanayoitafuta wakiweka dawa kama kabaidi au etefoni ili shamba zima lichanue pamoja. Watu wanafunga tilandisia kavu kwenye mfuko pamoja na tufaha au ndizi mbivu kivulini kama wiki moja, kichomozo kinakuja wiki kadhaa mbele. Inafanya kazi. Lakini kwa mmea ambao haujakomaa ni kuozesha mtoto wa shule, utapata ua dogo na watoto dhaifu au hamna kabisa. Na dukani ukiona boksi zima limechanua siku moja saizi zote mpaka vidogo, wewe jua.

Watoto

Wanatokea ubavuni chini, au katikati ya majani, mara nyingine hata kabla ua halijaisha. Aina nyingi ni mmoja mpaka watatu, ionantha akiwa na furaha anazidisha. Kuna secunda, yeye anazaa juu kwenye kikonyo cha ua chenyewe, kama mtu kabeba watoto kichwani.

Usimtenganishe mapema. Ngoja mtoto afike theluthi ya mama, nusu ni bora zaidi, kwa sababu bado ananyonya. Akiwa tayari unashika mama mkono mmoja, mtoto mkono mwingine chini kabisa kwenye shingo, unamzungusha kidogo kuelekea chini, anaachia na sauti ndogo ya tak. Asipoachia usitumie nguvu, subiri mwezi mwingine, au kisu safi karibu na upande wa mama. Usimloweshe siku hiyo, kidonda kikauke, kesho kutwa maji kama kawaida.

Ila mi siku hizi siwatenganishi. Nawaacha washikane, mama akikauka nachomoa majani yake makavu moja moja mpaka linabaki pengo katikati, na watoto wanalifunika. Miaka kadhaa unapata mpira mzima wenye vichwa vingi, na msimu ukifika vinachanua viwili vitatu kwa pamoja, kitu ambacho mmea mmoja mmoja hauwezi kukupa. Ukitaka kugawia jirani toa mmoja wa pembeni, mpira haujui.

Wa tenki saa hizi umefika vichwa saba. Nimeufunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia kwenye kipande cha mkaratusi, nimeutundika barazani, na jana asubuhi nilipougeuza kuukung'uta maji nimeona vichwa viwili vimeanza wekundu, kimoja hakijazaa bado. Mama kaniambia nikija Bukoba krismasi nimletee mtoto mmoja, atamtundika kwenye mgomba waonane.